Mfupi Kuliko Nani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, na yaliharibika mbele ya watu wenye suti.

Siku hiyo chuo kikuu kilikuwa kinafungua idara mpya, Idara ya Jinsia na Masuala ya Wanawake. Kusema kweli haikuwa mpya. Ilikuwa imeshafundisha mwaka mzima ndani ya ghala la zamani la viti vibovu, lakini wakubwa hawakubali kwamba kitu kimezaliwa mpaka wao wakate utepe. Basi wakafagia ukumbi, wakapanga maua, wakaita wageni, wakaagiza karakana ya chuo itengeneze mimbari ya kuhutubia. Karakana yenyewe ilikuwa Fundi, seremala wa miaka thelathini kazini, pamoja na mpaka rangi mmoja, mwanamke ambaye chuo kizima kilimwita Mama Rangi. Zamani walikuwa watu kumi na wawili. Kila mmoja alipostaafu wakubwa walitoa hotuba tamu, na hawakuleta mwingine.

Fundi alitengeneza mimbari ya mti mgumu, akaipiga msasa mpaka inzi angeteleza. Akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa aione ikitumika, kama mzazi siku mwanawe anapoimba shuleni. Mkuu wa idara akaitwa aseme neno. Alikuwa mwanamke mwenye umbo dogo, na wanafunzi wake walimpachika jina la Bi Pilipili. Akapanda jukwaani kwa mwendo wa haraka, akapita nyuma ya mimbari, akapotea.

Akapotea kabisa. Watu waliona mbao, waliona maua yaliyowekwa juu yake, waliona kipaza sauti kikitazama dari. Mtu, hakuna.

"Msemaji yuko wapi?" aliuliza mgeni mmoja wa mstari wa mbele.

"Nipo," ilijibu sauti kutoka nyuma ya mbao. "Nimeanza kwa mfano."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akakimbia kuleta kreti tupu la soda, Bi Pilipili akalipanda. Kreti lile likakubali upande mmoja, likagoma upande wa pili. Yeye akaegemea mimbari, mimbari ikaegemea hewa, ikalala kifudifudi ukingoni mwa jukwaa, na chombo cha maua kikaruka. Maji yote yakatua mapajani mwa Mkuu wa Majengo, mahali ambapo mtu mzima akilowa hana la kueleza.

Bi Pilipili hakuumia. Alisimama pembeni, akakung'uta sketi, akahutubia bila mimbari wala kipaza sauti, na hata waliokuwa nje walimsikia. Aliyeumia alikuwa Fundi, pale kwenye kiti cha nyuma.

Barua ya Mkuu wa Majengo ilifika kesho yake. Fundi aliishia darasa la nne, na herufi zikiwa nyingi zilimpiga chenga, hivyo Mama Rangi ndiye aliyeisoma, brashi ikiwa sikioni.

"'Kutokana na mimbari isiyofaa iliyosababisha fedheha kwa uongozi...' Fedheha! Sema suruali."

"Soma, Mama Rangi."

"'Unapewa siku kumi na nne kutengeneza nyingine itakayokaguliwa na ofisi hii. Ikishindikana, karakana itafungwa, kazi zitapewa kampuni ya nje, na wafanyakazi watapumzishwa.'" Akaikunja. "Watapumzishwa! Kuna mtu nilimwambia nimechoka?"

Fundi hakucheka. Ile karakana ndiyo iliyobaki. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma, katika hospitali ambayo mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, ila aliyekuwa na ufunguo wa chumba alikuwa kwenye semina. Tangu siku ile Fundi aliamini kwamba kila ovu chini ya jua lina mkubwa wake aliyelipigia muhuri. Mvua isiponyesha, wakubwa. Ikizidi, wakubwa vilevile. Alikuwa akilala nyumbani tu; kuishi aliishi karakanani, kati ya harufu ya gundi na porojo za Mama Rangi. Wakiifunga, ataamka asubuhi aende wapi?

Akafikiri usiku na mchana, na siku ya tatu akapata dawa. Mimbari haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kimo cha yule mama. Kama angekubali kuandika kwa mkono wake kwamba yeye ni mfupi, kesi imekwisha.

Alimkuta ofisini akisahihisha mitihani, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Fundi akavua kofia.

"Mwalimu, nina shida ndogo. Naomba uniandikie barua."

"Ya kusema nini, Fundi?"

Fundi akatazama kofia yake. "Kwamba wewe ni... Yaani, kwamba Mungu hakukujalia sana upande wa juu."

Bi Pilipili akaweka kalamu chini. Fundi akajiandaa kufukuzwa. Lakini yule mama alicheka mpaka akatoa miwani na kufuta macho.

"Nitaandika, na sahihi nitaweka. Ila kwa sharti moja. Kesho saa nne uje darasani kwangu, uwaeleze wanafunzi mimi ni mfupi kuliko nani."

"Kuliko nani?"

"Ndiyo. Ukinipa jibu, barua yako hii hapa."

Fundi akatoka akitabasamu. Swali jepesi kama hilo, na watu wanalipwa mshahara kuliuliza.

Kesho yake alifika na ushahidi wake, nao ulikuwa ufito. Ulikuwa fimbo ndefu nyeusi iliyoning'inia ukutani karakanani tangu chuo kijengwe, imekatwa chale nne kwa kisu. Chale ya kwanza kiti, ya pili meza, ya tatu mimbari, ya nne rafu. Fundi hakuwa akipima kwa futi ila mapana. Kimo alikitoa kwenye ufito, kama alivyofundishwa, na ni kwa ufito huo kila kilichosimama ndani ya chuo kile kilipata kimo chake.

Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, wavulana wanne, waliobaki wasichana. Fundi akausimamisha ufito mbele yao, akamwita Bi Pilipili ajisogeze. Chale ya tatu ikamfika puani.

"Mnaona wenyewe," alisema Fundi. "Sina la kuongeza."

Msichana mmoja mrefu aliyekaa nyuma, wenzake wakimwita Twiga, akanyoosha mkono. "Fundi, shikamoo. Hiyo chale ni ya nani?"

"Marahaba. Ni ya mimbari."

"Hiyo ni ya nini. Mimi nauliza ya nani. Waliikata kwa kumpima nani?"

Fundi akaugeuza ufito, akaikagua ile chale. Katika miaka thelathini hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Ufito ulikuwa wa marehemu fundi mkuu wangu," alisema. "Alijipima mwenyewe. Tulimwita Mnara."

"Kwa nini Mnara?"

"Alikuwa... akiinama kupita mlangoni."

Darasa likalipuka. Kuna waliopiga meza, kuna aliyeanguka kutoka kitini. Bi Pilipili alikaa mezani, mikono kifuani, kama mtu anayeangalia sufuria inayoelekea kuchemka.

Ikabidi wapimane. Kanuni ilitoka kwa Fundi mwenyewe, maana hapo ndipo ujuzi wake ulipokuwa: mtu akisimama kwenye mimbari, kiwiko kitue juu yake bila bega kupanda. Wakapita mmoja mmoja mbele ya ufito. Mkono juu. Bega juu. Kidevu juu. Twiga akapita, akafaa, akapigiwa makofi. Mvulana mmoja mwenye miguu kama ngazi naye akafaa. Wengine ishirini na tisa wakashindwa.

"Sasa wewe, Fundi," alisema Twiga.

"Mimi? Mimi ndiye niliyeitengeneza!"

"Ndiyo maana. Njoo."

Fundi akasimama, akaweka kiwiko kwenye chale ya tatu.

"Fundi, bega lako la kulia limegusa sikio."

"Hilo liko hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Fundi akajipapasa bega. Meza yake ya kazi ilitengenezwa na Mnara. Alikuwa akipiga randa juu yake miaka thelathini, na kila jioni akijikanda kwa mafuta ya moto huku akiwalaani wakubwa kwa kukata likizo. "Ala!" alisema. "Kumbe na mimi!"

"Karibu kwetu," alisema mvulana mmoja, na hapo kicheko kilichotoka kilimbeba hata Fundi. Alicheka kama ambavyo hakuwa amecheka kwa miaka mitatu, akajishika mbavu, akakaa chini.

Bi Pilipili akashuka mezani. "Watu huniuliza tunasoma nini humu," alisema. "Wanadhani tunakaa kuwasengenya wanaume. Mmeona leo. Kitu kilipimwa kwa mwili wa mtu mmoja, kisha kila asiyelingana naye akaambiwa kasoro ni yake." Akamgeukia Fundi, akatoa karatasi. "Haya, barua yako. Niandike mfupi kuliko nani?"

"Mwalimu," alisema Fundi, "ihifadhi karatasi yako."

Alirudi karakanani bila barua na siku kumi mkononi, na bado hakujua mimbari hiyo mpya ataitengeneza kwa kimo gani. Akikata cha Bi Pilipili, Twiga atavunjika mgongo. Akikata cha Twiga, tunarudi kwenye kreti. Alilala na hesabu hiyo, akaamka nayo.

Jumapili binti yake, aliyeolewa mtaa wa pili, alikuja kumpikia kama kawaida. Fundi alikaa mlangoni mwa jiko akimsimulia habari za Mnara. Binti alihitaji chumvi. Bila kuangalia chini, bila kukatisha maongezi, akavuta kwa mguu ndoo ya bluu iliyokuwa kando ya mlango, akaipindua, akaipanda, akatoa chumvi rafuni, akashuka, akairudisha ndoo kwa mguu uleule. Ilikuwa kama dansi.

Fundi akamwacha Mnara hapohapo.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimetoa chumvi, Baba."

"Ndoo."

"Ah, ndoo. Ndivyo Mama alivyonifundisha. Panda ya bluu, usipande nyekundu, nyekundu inateleza."

Rafu ile Fundi aliijenga mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa chale ya nne, na aliijenga kwa mapenzi tele. Hata maua aliichongea pembeni. Mkewe alikuwa mfupi, naye alizoea kumwita Kafupi, kwa mahaba, na mama wa watu akiitika. Miaka ishirini na sita Kafupi alipanda ndoo na kushuka mbele ya macho yake, na yeye akiona chumvi tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Mtaka cha rafuni hawakumsemea.

"Mbona hakuniambia?" Fundi alisimama. "Mimi si fundi? Nyundo si ninayo?"

Binti akaanza kucheka, akajizuia kwa mwiko. "Baba, usikasirike. Alisema wewe ukiambiwa kazi yako ina kasoro, siku mbili huli."

"Uongo!"

"Wiki hii umekula lini?"

Fundi alikwenda kuleta bisibisi na nyundo, akaishusha rafu palepale, chumvi, sufuria na yote. Akamwambia binti asimame ukutani, anyooshe mkono pasipo kujivuta. "Hapo panakutosha? Au chini kidogo?" Alimuuliza mara tatu. Binti akajifanya anaangalia chungu. Kisha akajaribu rafu mpya: akaweka chumvi, akaitoa, akaiweka, akaitoa, kama mtoto na swichi ya taa, mpaka mchuzi ukaungua. Waliula hivyohivyo, na Fundi akaongeza sahani.

Ni wakati akiuliza "chini kidogo?" ndipo mimbari ilipomjia nzima kichwani.

Kesho yake alfajiri alikuwa karakanani. Kasha ndani ya kasha, moja linapanda, moja limetulia. Ubavuni matundu tisa, na kijiti cha mti mgumu cha kuchomeka kwenye tundu unalotaka. Kitako kipana ili isilalie watu. Mama Rangi alipofika alizunguka mara mbili.

"Fundi, hii ni mimbari au ni ngamia? Inapiga magoti!"

"Inampigia magoti kila mtu. Wewe nipe kiwiko chako."

Akampima. Kisha, akikumbuka somo lake, akamuuliza kama kuna kitu humo karakanani kisichomfaa. Mama Rangi akanyoosha kidole kwenye misumari ya kutundikia brashi. "Ile misumari. Miaka tisa naangusha brashi zangu kwa ufagio."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ndiyo adabu ya karakana."

Siku ya kumi na nne Mkuu wa Majengo akaja ukumbini na makarani wawili, faili moja na uso wa msiba. Bi Pilipili alikuwepo, na darasa lake lote lilikuwepo, limejaza viti. Mkuu akaizunguka mimbari, akaigonga kwa kalamu. Sasa, kuna jambo ambalo chuo kizima kililijua na hakuna aliyelisema: Mkuu wa Majengo mwenyewe alimpita Bi Pilipili kwa vidole viwili tu, na vidole hivyo vilikuwa vya kisigino cha kiatu. Ndiyo maana katika miaka yake yote ya ukubwa alikuwa hajapata kuhutubia. Alituma wasaidizi.

"Inaonekana kawaida," alisema. "Nani ataijaribu?"

"Wewe, Mkuu," alisema Fundi.

"Mimi nakagua. Sijaribu."

"Mkuu, viatu vya mtu havijaribiwi na karani wake. Nipe kiwiko tu, kazi ya dakika moja."

Wanafunzi wakaanza kupiga makofi taratibu. Mkuu akatazama mlango, akaona uko mbali. Akapanda. Fundi akampima kiwiko bila kutamka kimo, akachomoa kijiti, akashusha matundu saba, akachomeka. Kipaza sauti kikaja mdomoni kwake chenyewe, kwa adabu.

Mkuu wa Majengo akauona ukumbi. Ukumbi ukamwona. Akagusa mimbari kwa viganja viwili, akakohoa, akasikia kikohozi chake kikirudi kutoka ukuta wa nyuma kikubwa kama cha rais.

"Ndugu zangu," alisema.

Aliongea dakika arobaini. Aliongea habari za mifereji ya paa, za mabomba, za babu yake. Kila aliposhusha pumzi wanafunzi walipiga makofi wakitumaini ni mwisho, naye akadhani wanamtaka zaidi. Makarani walikaa sakafuni. Bi Pilipili alificha uso ndani ya mtandio, mabega yakimcheza. Hatimaye sauti ya Mkuu ikakauka, akashuka, macho yakimng'aa, na kusaini faili bila kusoma.

Karakana ikabaki. Si kubaki tu. Wiki iliyofuata likaja agizo la madawati sitini ya namna hiyo, yanayopanda na kushuka, pamoja na tangazo ubaoni kwamba chuo kinajivunia "ubunifu wa Ofisi ya Majengo". Mama Rangi alitaka kulichana.

"Liache," alisema Fundi. "Wakubwa hata jua likichomoza hutangaza ni wao. Tuna mbao za kukata."

Ila safari hii hakukata kabla ya kupima watu. Alikwenda darasani kwa Bi Pilipili na futi na daftari, akawapanga mstari. Aliandika polepole, herufi zikiinama kama watu wanaopanda mlima, na Twiga akimtajia jinsi ya kuandika nusu na robo. Kiwiko, goti, unyayo. "Fundi, mimi niongezee kidogo, bado nakua!" "Una miaka ishirini na nne, unakua kwenda wapi?" Jasho, kelele, vicheko. Alipomaliza, Bi Pilipili akamwambia asiondoke hivihivi, apande mimbari yake, ambayo sasa ilikaa darasani humo, aage.

Fundi akapanda. Akajichagulia tundu lake, la tano, akaweka viwiko. Bega la kulia likashuka kutoka sikioni, likatulia. Akawasimulia rafu. Alisimulia kwa mzaha, ndoo ya bluu na ndoo nyekundu, na walicheka, na baadaye wakaacha kucheka.

"Nina jambo linanisumbua," alisema. "Ninyi ndio wasomi. Tuseme mambo yangegeuka. Mke wangu ndiye fundi, mimi ndiye mpishi. Rafu anaijenga yeye, kwa ufito wake yeye, na ananipenda vilevile. Angenipima? Au na mimi ningeinama miaka ishirini na sita, nikiitwa Karefu?"

"Angekupima!" alipaza msichana wa mbele. "Sisi tunaangalia mtu!"

"Nani kakudanganya?" Twiga alisimama. "Mama yangu mpaka leo ananinunulia viatu kwa mguu wake!"

"Huyo ni mama, si mke!"

"Ala, mama si mwanamke?"

"Asingehitaji kukupima, Fundi, wewe ungelalamika siku ya kwanza!" alisema yule mvulana wa miguu ya ngazi, na wasichana wakamzomea, kisha nusu yao wakasema ana hoja. Darasa likagawanyika mara mbili, mara tatu. Watu walihama viti kuwafuata wa upande wao. Kuna aliyepanda dawati.

"Mwalimu, jibu lipi?" walipiga kelele.

Bi Pilipili alikuwa ameshika chaki. Aliandika swali lile ubaoni, neno kwa neno, akarudi nyuma hatua mbili akalitazama. "Nimesoma miaka kumi na tisa," alisema, "na hilo sijalikuta mahali."

Kengele ya saa sita ikalia. Hakuna aliyechukua mkoba. Fundi aliegemea mimbari, akiwasikiliza wakigombana kwa furaha juu ya Kafupi kana kwamba wanamfahamu, na yeye mwenyewe, aliyelala ubavuni mwake usiku elfu kadhaa, hakuwa na upande wa kuhamia.

Angempima?